Tulikuwa Hotelini, Si Hospitali

Kambi ya Dzaleka, Malawi, Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Nakuamkia kutoka huku mbali. Magoti yanasemaje na baridi ya Kadutu? Ile dawa ya kuchua ilikufikia? Na kaka Bahati, anakuchotea maji kila siku kama alivyoniahidi, au anakuambia kesho, kesho? Sisi tunaishi, Mungu anatushika. Ezekieli, mkwe wako, ana kikohozi kidogo cha vumbi. Mi cherehani yangu njo inanilisha.

Barua hii anakuletea mama mmoja wa kanisa letu anayerudi Bukavu juu ya msiba wa kaka yake. Ningeweza kukupigia simu, lakini jambo hili sikulitaka kwenye simu. Naogopa kukusikia unavyonyamaza.

Mama, ile wiki uliyoamini niko hospitali Lilongwe, sikuwa hospitali. Tulikuwa ziwani, kwenye hoteli.

Acha nikueleze tangu mwanzo. Kuko mama mmoja Mmalawi wa mtaa wa Area 47, Lilongwe, ninayemshonea nguo, tunamwita Mama Chisomo. Yeye na bwana yake walikuwa wamelipia siku tatu kwenye hoteli ya ufukweni, upande wa Salima, kusherehekea ndoa yao. Chumba, chakula, vinywaji, vyote vilikuwa ndani ya malipo. Siku chache kabla ya safari wakafiwa. Hoteli haikukubali kurudisha kitu, ila ilikubali wabadilishe majina. Akaniambia, "Dada, nendeni nyinyi. Wewe na bwana yako mlipumzika lini?"

Tangu mimba yetu ya pili itoke, mi na Ezekieli tulikuwa tunaishi kama wapangaji wawili. Asubuhi njema, usiku mwema, basi. Nikafikiri labda kule tutaongea.

Lakini kambini utasema namna gani kwamba unakwenda kustarehe? Watu wako kwenye foleni ya mahindi, we unakwenda kula kuku ufukweni. Ezekieli njo alisema, "Tuseme ni hospitali. Nani atauliza?" Nilimwambia si vizuri. Halafu niliposimama mbele ya bamama wa kwaya, mdomo wangu mwenyewe ukatamka hospitali. Wote wakashika vifua. Miaka tisa ya ndoa bila mtoto, Mama. Hakuna aliyeuliza ni ugonjwa gani.

Nilikupigia kutoka stendi ya Lilongwe nikitaka angalau wewe ujue ukweli. Kumbe bamama wa kwaya walikuwa wameshakupigia kwamba nalazwa siku tatu, ukaanza kuniombea kabla sijamaliza salamu. Ulisema, "Mwanangu, nitafunga siku zote tatu mpaka utoke kwa munganga." Nikasema asante. Ezekieli alikuwa pembeni yangu, anaangalia viatu vyake.

Tulipofika hotelini walitufunga kamba ya plastiki ya njano mkononi, ya kuonyesha kwamba unaweza kula na kunywa bila kuulizwa. Dada wa mapokezi akauliza kama tuko kwenye fungate. Ezekieli akasema ndiyo. Sijui kwa nini. Basi chumbani tukakuta maua juu ya kitanda, na taulo mbili zimekunjwa kama ndege wanaobusiana. Tulisimama tunazitazama. Mwishowe Ezekieli akazikunjua, akazitundika bafuni.

Upepo wa mwera ulivuma siku zote. Maji yalikuwa ya rangi ya chai ya maziwa, yanatupa majani yaliyooza mchangani. Bwawa la kuogelea lilikuwa tupu, wanangoja fundi. Chakula kilikuwa kingi siku ya kwanza. Siku ya pili kilikuwa kile kile, kimepashwa moto, na ukichelewa kidogo unakuta wanafuta meza. Ezekieli aliomba nsima, ugali wa huku. Mhudumu akacheka, akasema nsima ni ya wafanyakazi, wageni hawaletewi. Bwana yangu alikula mkate mpaka tukaondoka.

Haya yote ningeyavumilia. Kilichoniumiza ni kwamba Ezekieli aliligeuzia ziwa mgongo. Kila kiti alichopewa alikigeuza kielekee ukuta. Siku ya pili nikashindwa kujizuia.

"Nimedanganya mama yangu juu ya haya maji, na wewe hata kuyatazama hutaki?"

Akasema, "Nsimire, mi nilivuka ziwa Tanganyika na mdogo wangu. Tulipanda mtumbwi wawili, nikashuka peke yangu."

"Najua. Ulinieleza."

"Hujui. Mimi njo nilikuwa nimemshika mkono."

Miaka tisa, Mama, hakuwahi kuniambia hilo. Nilidhani habari ile yote naijua. Nilivuta kiti changu, nikakaa upande wake, nikatazama ukuta pamoja naye mpaka mvua ikaanza na wahudumu wakaja kuondoa viti.

Njo mapumziko yetu hayo. Hatukuogelea. Hatukupiga picha hata moja. Kila nilipoinua kijiko nilikuona wewe umekaa na njaa, nikakirudisha, halafu nikala tu, kwa sababu chakula kilikuwa mbele yangu.

Tuliporudi Dzaleka, nikakuta ukuta wetu umesiribwa udongo mpya. Bamama wa kwaya walikuwa wamefagia, wametandika kitanda, wameacha sufuria ya maharagwe jikoni. Nao walifunga siku tatu. Na Koko Nabintu, yule bibi mzee aliyetoka Walungu, anayekaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ambaye nilikuandikia kwamba ananitunza kama wewe, alifunga pamoja nao ingawa walimkataza. Siku ya tatu alishikwa na kizunguzungu penye bomba la maji, akaanguka. Mkono wa kuume ukavunjika.

Nilikimbilia kwake na vumbi la safari. Amelala, mkono kwenye plasta. Akaniuliza kabla sijakaa, "Munganga alisema nini?"

Nikapiga magoti. Nikamwambia yote, hoteli, kamba ya njano, kuku.

"Kwa hiyo hauko mgonjwa?"

"Hapana, Koko."

"Na mimba?"

"Hakuna."

Akageukia ukuta. Nikasema, "Jumapili hii nitasimama kanisani, niseme mbele ya bantu bote."

Akajibu bila kugeuka, "Usiseme. Ngoja kwanza mkono upone. Mi siwezi kutembea na mkono huu katikati ya bantu wakijua niliuvunja bure."

Basi nimenyamaza wiki sita. Kila asubuhi nilikwenda kumpikia uji, kumwogesha, kumfunga kitambaa kichwani. Alikubali, lakini hakuniita tena mwanangu. Kanisani walikuwa wanamwambia, "Koko, mateso yako yatazaa mtoto," naye anaitikia kwa kichwa. Wengine wananisalimia wakinishika tumbo. Nilitamani sakafu ifunguke.

Jana walimtoa plasta. Mkono umekuwa mwembamba, vidole viwili havikunjiki vizuri. Nilimsindikiza kutoka kliniki. Tulipofika mlangoni pake akasema, "Sasa useme."

Nikamuuliza kama amenisamehe.

"Nimekuambia useme. Hayo mengine bado."

Jumapili nitasimama. Ezekieli amesema atasimama nami, kwa sababu uongo ulianzia mdomoni mwake. Sijui watatutazama namna gani, wala kama wataniacha kwenye kwaya. Barua hii itakufikia yakiwa yameshapita. Lakini nilitaka niiandike leo, kabla sijajua, ili usifikiri nimekuambia wewe baada ya kuona wengine wamenipokea vizuri. Ulifunga na umri wako huo na magoti hayo, mi nikila. Usiniambie si kitu, Mama. Ukikasirika, kasirika.

Nisalimie Bahati. Nisalimie shangazi Cibalonza anayeuza samaki sokoni, umwambie blauzi yake imo ndani ya mfuko unaokuja na barua hii. Baba mdogo, mchungaji, msalimie pia, ila barua hii usimsomee, nitamwandikia mwenyewe. Mkwe wako anakusalimia kwa heshima. Alitaka kuongeza mstari wake hapa chini, akauandika, akaufuta.

Ni mimi, mtoto wako ambaye hakuwa mgonjwa,

Nsimire