Baba Mkwe Haambiwi Shuka

Jumapili, baada ya magharibi. Alfajiri ilinyesha, mchana jua likatuoka, na sasa mtaa wetu wote wa Buyenzi unanuka vumbi lililolowa likakauka. Mguu wa kulia unaniuma. Mashavu nayo yanauma, lakini hayo ni kwa kucheka.

Shajara yangu, leo nimempakia baba mkwe kwenye pikipiki.

Naandika taratibu ili mwenyewe niamini. Baba yake Issa, Mzee Ramadhani, fundi cherehani mstaafu, mtu ambaye hajawahi hata kuitamka pikipiki yangu kwa jina. Kwake ni "ile kitu". Umekuja na ile kitu? Ile kitu umeiacha wapi?

Kwa wanaosoma ukurasa huu wa mtandaoni kwa mara ya kwanza: mimi ni mkunga kwenye kituo kimoja cha afya kule Kamenge. Zamu ya asubuhi inaanza wakati mabasi bado yanasubiri kujaa, na watoto wanaozaliwa hawasubiri mtu. Ndiyo maana nikanunua pikipiki. Mume wangu Issa, ambaye kazi yake iko Rumonge na hapa anakuja kwa kuvizia, alifurahi. Baba yake hakufurahi. Hakuniambia mimi, maana si adabu kugombana na mke wa mtoto. Alimwambia Issa, Issa akaniambia mimi, na mara ya mwisho ujumbe ulikuwa mfupi: mwezi huu ukiisha, ile kitu iuzwe.

Katikati ya kesi hiyo tairi la nyuma likaanza kupoteza upepo. Si ile pancha ya kukuacha barabarani unalia. Ni ya kimyakimya: asubuhi unajaza, jioni unalikuta limelegea kama chapati ya jana.

Fundi yeyote angelitia kiraka huku chai yake ikipoa. Lakini mimi nakaa Buyenzi. Hapa gereji ni nyingi kuliko miti, na hakuna fundi ambaye suruali yake ya kwanza haikushonwa na baba mkwe. Habari ingemfikia kabla gundi haijashika: ile kitu imeharibika. Angekuwa amepata shahidi aliyekuwa anamtafuta. Basi nikanunua pampu ya mguu, nikaificha jikoni nyuma ya magunia ya makaa, na kila alfajiri nikawa najaza upepo kwa siri, nikikohoa ili majirani wasisikie ile sauti yake. Fundi asiyenijua yupo Kamenge, karibu kabisa na kazini. Kwenda kwake nilikuwa nasema kesho. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nawaimbia wajawazito wangu wasiokuja kliniki, na mimi mwenyewe tairi limenishinda.

Leo sasa. Leo Mariamu alikuwa anaolewa baada ya adhuhuri, huko Kinindo, nyumbani kwa mjomba wake. Mariamu ni binti wa mdogo wake baba mkwe, ambaye ni marehemu. Walii wake, yaani wa kumwozesha, ni baba mkwe. Kuna waliomwambia kwamba anaweza kumpa mwingine uwakala kwa simu, mambo yakaisha. Alikataa kabisa. Alisema mdogo wake aliondoka na kuacha mtoto mmoja tu wa kumkabidhi, hawezi kumkabidhi kwa simu.

Gari la jirani ndilo lililokuwa limpeleke. Lakini gari hilo tangu juzi linalala kwenye foleni ya esansi, petroli yetu hii ya kugombania, na leo asubuhi mwenyewe alituma neno kwamba foleni haijasogea. Taksi nyingine nazo zilikuwa hukohuko. Mimi nilikuwa na esansi, kwa sababu pikipiki hainywi sana na nilikuwa nimepanga foleni yangu mapema. Mama mkwe akanitazama. Nikamtazama. Baba mkwe akatazama ukuta kwa muda mrefu sana.

Kisha akaomba mto wa kochi.

Nilidhani ni wa kukalia. Kumbe ni wa kuweka kati yake na mimi. Ule mto mama mkwe aliutarizi maua mekundu kwa mkono wake, na leo umepita mjini ukiwa mpaka wa heshima kati ya mzee na mkwewe. Baba akakunja kanzu, akavaa kofia ya pikipiki juu ya kofia yake ya msikitini, akashika chuma cha nyuma kwa mikono miwili. Mimi hapo na kitenge kipya na mtandio wa harusi. Nikakumbuka kwamba nyumbani hata kupita mbele yake nainama, na sasa nampa mgongo hadi Kinindo. Nikasoma bismillahi na kuondoka.

Upepo nilikuwa nimejaza, na pampu nilikuwa nimeifunga chini ya kiti. Ila sikuwa nimehesabu uzito wa baba, maana anakula vizuri, alhamdulillahi. Tulikuwa bado hatujafika daraja la Muha nikasikia nyuma kunacheza. Nikasimama kando ya barabara. Akauliza kuna nini. Nikasema naongeza upepo kidogo tu, Baba.

"Ongeza," akasema. Akabaki amekaa.

Hapo ndipo maji yaliponifika shingoni. Baba mkwe haambiwi shuka. Anaambiwa karibu, anaambiwa pole, anaambiwa chakula tayari. Sijawahi kusikia mkamwana wa Buyenzi akimwamrisha baba mkwe kitu chochote, na mimi mwenye kesi ya pikipiki sikutaka kuwa wa kwanza. Kwa hiyo nikatoa pampu chini ya kiti kwa kupapasa, nikaiunganisha, nikaanza kukanyaga, na mzee wangu yuko juu ametulia na mto wake wa maua.

Watu walikuwa wanatoka kanisani. Kina mama wenye Biblia walipunguza mwendo. Mmoja aliyebeba ndizi kwenye baiskeli alisimama kabisa, akaegemea usukani, akaangalia kama anaangalia mpira. Baba akawaitikia salamu wote kwa kichwa. Mimi nakanyaga, mtandio unateleza, jasho linaingia machoni, na tairi lenye mzee juu yake linapanda kwa shida mno. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tulivuka daraja. Tukaenda kidogo, likalegea tena. Nikasimama tena. Safari hii simu yake ikalia: ni shehe, anauliza walii yuko wapi, watu wameshaswali na wamekaa. Baba akajibu tuko njiani, akaiweka simu mfukoni. Nikainama kutoa pampu na machozi yakanijia. Niliona wazi mambo yote mawili yakinipotea kwa mkupuo: Mariamu anakaa anangoja, na pikipiki yangu imejihukumu yenyewe mbele ya hakimu.

Ndipo nikasikia kanzu inachakacha. Baba ameshuka peke yake. Amesimama, mto ameubana kwapani, ananiangalia kwa sura ambayo sikuijua.

"Mama Rehema," akasema, "tangu kule unateseka we peke yako na mi nimeikalia tu. Mi niko mufuko wa muchele? Ungesema: Baba, shuka."

"Baba, ningesemaje?"

"Na mi ningeshukaje, kama haunipe ruhusa? Chombo ni chako."

Kumbe na yeye alikuwa anaona adabu. Alidhani mwenye pikipiki ndiye anayejua lini abiria anashuka, na akaogopa kuvuruga kazi nisije nikamwona mshamba. Tumepita nusu ya mji tukiheshimiana hadi karibu harusi ivunjike.

Akanipa mto nishike. Akaiweka pampu sawa, akaweka kiatu chake cheusi juu yake, akaanza kukanyaga. Wajua mtu aliyekanyaga cherehani maisha yake yote anavyokanyaga? Mguu ulikwenda taratibu, bila kukata, bila haraka, na yeye anatazama mbali kabisa, anaongea. Akaniuliza linapoteza upepo tangu lini. Mficha uchi hazai, kwa hiyo nikasema yote, pamoja na magunia ya makaa na kikohozi cha uongo. Alicheka hadi akasimamisha mguu. Mimi nikacheka na mto mkononi. Tairi likawa gumu kama jiwe.

Tulifika Kinindo tumechelewa, lakini hakuna aliyetugombeza. Baba alivua kofia ya juu, akaiacha ya chini, akaingia kwa wanaume. Mimi nilikaa na kina mama nyuma ya pazia, nikamsikia akitaja jina la Mariamu na jina la baba yake. Kwenye jina la mdogo wake sauti ilimkatika. Akaanza tena, akamaliza. Nililia, sifichi. Nilifurahi kwamba hakuyasema yale kwa simu.

Wakati wa pilau nilimsikia tena, sasa anawasimulia wanaume jinsi tulivyojaza upepo. Kwenye hadithi yake alishuka mapema zaidi. Sikumsahihisha.

Jioni mjomba wa Mariamu alisema atatafuta gari la kumrudisha. Baba akasema hapana, nilikuja na mtu. Tulirudi polepole, tukasimama mara moja, akashuka kabla sijazima injini na kudai pampu. Mto aliuweka tu mapajani. Mlangoni kwake nikaaga, nikainama kama kawaida, nikawa nageuza pikipiki.

"Niko na rafiki amelazwa kule Kamenge," akasema, "karibu na kazi yako. Kesho kutwa unatoka hapa saa ngapi?"

Nikamwambia saa kumi na mbili asubuhi. Kisha, sijui ujasiri niliupata wapi, nikaongeza kwamba sijui itakuwaje baadaye, maana mwezi ukiisha pikipiki inauzwa.

Baba mkwe akanitazama kama mtu aliyeambiwa habari mbaya kutoka nchi ya mbali.

"Iuzwe?" akasema. "Nani alisema?"

Niliinama tena, chini zaidi, ili asione uso wangu. Akaingia ndani akilalamika peke yake kuhusu watu wanaouza vitu bila kuuliza wakubwa.

Issa nimempigia, amecheka hadi simu ikakatika. Mwanangu Rehema amelala. Pampu haikurudi nyuma ya makaa, iko sebuleni, mtu yeyote aione. Kesho, nikitoka kazini, tairi linaenda kwa fundi, na si yule wa Kamenge. Nampelekea wa hapahapa mtaani, mbele ya macho ya Buyenzi nzima.

Kesho kutwa nina abiria.