Dada, Hukuwa na Kiherehere

Dada yangu Tusekile,

Nimekupita umri. Ulikuwa na miaka kumi, mimi saba, siku ulipoondoka kwenye vichanja vya kahawa nyuma ya nyumba yetu kule Mbozi. Mtu mwenye pikipiki na kovu shavuni alisimama akasema, "We binti, njoo unionyeshe kwa mwenyekiti." Ukafuta mikono kwenye gauni, ukaniambia, "Baki ufukuze kuku. Wakichakura kahawa, mama atakuchapa wewe, siyo mimi."

Nikafukuza kuku mpaka jua likazama. Hukurudi.

Tulifundishwa hivyo: mtoto akitumwa na mtu mzima, yeyote yule, anakwenda. Baada yako wakatugeuzia somo. Ukitumwa na usiyemjua, kimbia. Basi tukawa tunakimbia kila mtu. Mchungaji mgeni aliuliza njia ya kanisani, tukatawanyika kwa mayowe, akabaki barabarani na Biblia yake. Mtoni hatukwenda tena. Dukani tulikwenda watatu watatu, tumeshikana mikono, hata wavulana wakubwa.

Na watu wakasema, "Yule alikuwa na kiherehere." Nimelisikia neno hilo sokoni Mlowo, hata kwa shangazi. Kila mara nililimeza.

Sasa mimi ni karani mpakani Tunduma, kwa wakala wa forodha. Ni mwoga, dada. Kila karatasi naisoma mara tatu. Malori yakipanga foleni, macho yangu yanapanda mpaka alipokaa dereva na aliyempakia. Mzambia mmoja alinitania, "Bamayo, mama, unakagua mzigo au unatafuta mume?" Nikacheka. Nilikuwa nakutafuta wewe.

Mwezi uliopita yule mtu wa pikipiki alikamatwa akiwa na mtoto mwingine. Mtoto yu hai. Picha ilipofika kwenye simu yangu, nililitambua lile kovu. Baba mdogo akanipigia: "Mwanangu, yule ana ndugu wengi. Una kazi yako, nyamaza."

"Baba mdogo, nimenyamaza tangu darasa la pili."

Jana nilikwenda polisi kutoa maelezo juu ya siku ile yako. Mpelelezi aliandika, akanisogezea nisaini. Nikasoma mara tatu. Mstari mmoja ulisema: mtoto aliondoka naye kwa hiari yake. Nikaweka kalamu.

"Sisaini."

"Sista, ni maneno tu hayo."

"Andika alitumwa na mtu mzima, akatii."

Alinitazama mpaka nikadhani atanifukuza. Kisha akavuta karatasi mpya, akaanza tena tangu jina langu.

Nitasimama mahakamani na woga wangu hivyo hivyo, na nitayasema maneno hayo mbele ya yule mwenye kovu. Wenye neno lao la kiherehere waje wakae viti vya mbele.

Sijui kama upo duniani. Popote ulipo, hukufanya kosa lolote. Sasa imeandikwa, na nimeweka sahihi.

Mdogo wako