Mkono wa Baba Mkubwa

Mjukuu wangu Neema,

Hapa Mbozi tupo. Babu yako bado anakohoa, kahawa imeiva na mgongo wangu umekataa kuichuma.

Umeniuliza: ikiwa maghala ya gesi ya haradali, ile inayobabua ngozi, yaliyotangazwa duniani yameshateketezwa, mkataba wa kuipiga marufuku na wakaguzi wake ni wa nini tena? Sheria siijui. Namjua baba yangu mkubwa, aliyelinda mapipa ya gesi hiyo katika vita vya pili vya dunia.

Kwetu mdogo ndiye humpigia mkubwa makofi anapomsalimu. Yeye, mtu mzima, alitupigia sisi watoto, tena kwa mbali. Mkono hakumpa mtu. Nikadhani anatudhihaki, basi siku moja nikamshika kwa nguvu. Alinivuta mpaka kwenye maji, akaniosha kwa sabuni mara tatu.

Mama ndiye aliyenieleza. Pipa lilivuja, mwenzake akalowa, yeye akamshika mkono kumwinua. Hawakusikia maumivu. Walikula, wakacheka. Ya jioni, ngozi ilipoanza kubabuka, sitakuandikia.

Vita vilikwisha zamani, mkono ulishapona, naye bado alikuwa ananawa.

Kwa hiyo waache wakaguzi wagonge milango. Sumu ile haiumi unapoigusa, na waliojua kuitengeneza hawajasahau.

Nimechoka, mama. Ukija likizo usinipigie makofi. Nipe mkono.

Bibi yako