Viti vyangu na Lorna

Emmett, siku ya kwanza kazini nimejiaibisha! Kazi yenyewe ni kuwaonyesha watu viti uwanjani, kwenye besiboli.

Viti vyangu na marehemu mke wangu Lorna, tulivyolipia kila msimu, wakubwa wa klabu wamewapa mume na mke wengine. Msimu mmoja tu niliukosa, nikimuuguza!

Leo huyo mume akaenda kununua soseji. Mkewe akabaki anamwandikia kila mpira uliopigwa, asipitwe. Kwa penseli, Emmett! Kama Lorna alivyoniandikia.

Mume aliporudi, nikawaomba wanionyeshe tiketi. Nikarudi, nikaomba tena. Mara ya tatu yule mume akacheka: "Mzee wangu, unazikariri?"

Nikamjibu, "Hivyo viti vina mwenyewe!" Watu wote wakageuka.

Msimamizi akaninong'oneza: "Bwana Pruitt, nenda geti la nje."

Ndipo nilipo. Ndani wanashangilia, na hakuna anayeniandikia.