Kitu Kizito Alicholeta Mtoto

Butihinda, Muyinga

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba baridi ya huko Gitega isiwe imekurudishia kile kifua, na kwamba kaka Fredi na mkewe wanakutunza vizuri hapo Nyamugari. Sisi huku tu wazima wa mwili. Tunamshukuru Mungu, na juzi nilimshukuru kuliko siku zote. Utaelewa ukiendelea kusoma.

Unakumbuka nilivyokuwa nikirudi kwako jioni kutoka kwenye mafunzo ya walimu, vidole vimejaa udongo na gundi, ukanicheka kwamba nimerudishwa chekechea? Mwalimu Theodosia aliyetufundisha alisema mtoto hasahau kilichofanywa na mikono yake. Nilipofika huku nikaanza mara moja. Watoto wangu wa darasa la pili wakafinyanga tarakimu kwa udongo wa bondeni, wakajifunza kuhesabu kwa kusuka vimikeka vya majani ya migomba. Hata wale watoro wakawa wanawahi.

Juzi somo lilikuwa uzito. Nilikuwa nimemwambia kila mtoto aokote kitu nyumbani akilete, tutengeneze mizani ya vijiti na makopo. Wakaleta mawe, vibunzi vya mahindi, soli za viatu. Mmoja akaleta kitu cha mviringo, kimeshika kutu na udongo, kidogo kama parachichi changa lakini kizito ajabu. Mama, nilikifurahia. Nikakipangusa kwa kitenge changu, nikawaambia wakipitishe mkono kwa mkono, kila mmoja aseme kama kinalishinda jiwe lake. Wengine walikitikisa.

Yakobo, anayefundisha chumba cha pili, akaja kuazima chaki. Akasimama mlangoni, akasema kwa sauti ya chini, kama mtu aliye karibu na mtoto aliyelala, "Jeska, usipige kelele. Hilo ni guruneti."

Wakati huo lilikuwa kwa mtoto wa dawati la mwisho. Nilimwendea huku nikitabasamu, sijui tabasamu lile lilitoka wapi, nikamwomba aliweke juu ya mkeka polepole, kama yai. Akaliweka. Tukawatoa watoto wakiimba hadi uwanja wa kanisa. Yakobo akaenda kuwaita polisi, na walipolilipua bondeni, mabati ya shule yalilia.

Sasa nikuambie lililonifanya nishike kalamu. Aliyelileta ni Christina wangu, mjukuu wako. Alilifukua kwenye kiwanja chetu, penye msingi wa nyumba ya marehemu baba, palepale unapotaka kuja kulima maharage. Polisi wanasema huenda yamo mengine. Usije, Mama. Na Fredi asitume mtu yeyote na jembe. Najua ulivyoingoja ardhi ile miaka yote tuliyokaa kambini Tanzania.

Nilitaka kuacha kazi za mikono kabisa, nirudie ubao na kukariri. Lakini leo nimelichora lile guruneti ubaoni, nikawaambia watoto wote walichore, na chini yake waandike: usiguse. Nilipokuwa nikipita kati ya madawati, wawili wakanyoosha vidole. Wakasema hicho wanakijua, kwao kipo, wanakichezea.

Kesho wazazi wao wataongozana na polisi hadi nyumbani kwao, wakavitoe. Tuombee.

Msalimie Fredi na wote wa nyumbani. Christina anakusalimu, tangu juzi hataki kuuachia mkono wangu, nami sitaki auachie.

Mwanao akupendaye,
Jeska