Harusi Iliyotangazwa kwa Majaribio

Buswelu, Mwanza
11 Februari 2026

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Sengerema, na lile goti limetulia tangu mvua zipungue. Baba naye shikamoo yake, ingawa nakuomba uisome kwanza peke yako. Mimi mwili ni mzima. Ya moyo utayaona huko chini. Nimeshika kalamu kwa sababu simu zangu hupokei, na sikulaumu. Mama gani apate habari za harusi ya bintiye kutoka kwa Mama Selina, tena kanisani, tena wakati wa sadaka?

Chanzo ni hiki. Pale ofisini kwetu Pasiansi, tunapotengeneza programu za simu, bosi wetu Bwana Abeid alituletea chombo kipya cha kompyuta, bado cha majaribio, tuseme kama kinafaa. Unakieleza kwa Kiswahili programu unayotaka, kinaiandika chenyewe. Siku ya kwanza nilidhani nimepata mtumishi. Kila nilichosema kilinisifu kwamba wazo langu ni bora. Nikaandika upuuzi makusudi, kikanisifu zaidi. Nikakiagiza programu ya kamati za harusi, ya kutuma kadi za mwaliko. Kiliimaliza kabla sijamenya ndizi mbili, ila kadi ya send-off, ile sherehe ya kumuaga binti kwao, ilimtakia bibi harusi safari njema na kumkumbusha pasipoti. Nilipokisahihisha, kiliomba radhi aya nzima, kikaondoa pasipoti, kikaweka viza.

Ili kuijaribu programu lazima ujaze majina ya maharusi. Wenzangu hubuni. Mimi nilijaza langu na la Machibya, yule ninayekaa naye meza moja, aliyekuletea samaki sato ulipolazwa. Kadi ikatoka nzuri, ina maua pembeni. Kisha ikaenda kwa watu wote waliomo kwenye simu yangu.

Mengine umeyasikia. Mchungaji anauliza mafundisho ya ndoa tutaanza lini. Shangazi Hellen ameshachagua sare na hataki ushauri. Mjomba Ngosha amesema hali chakula cha harusi ambayo hakushirikishwa, kisha akauliza ukumbi uko wapi. Bwana Abeid amewalalamikia wenye chombo, nao wameomba radhi kwa unyenyekevu mkubwa. Wahandisi wao bado wanalitafuta kosa.

Machibya alishinda ameinamia kompyuta yake, nami nilikuwa tayari kuacha kazi. Tulipokuwa tunafunga ofisi akanijia, simu mkononi, akasema kuna jambo limemuudhi kwenye ile kadi. Akasema tarehe niliyoweka wazee wake wa Magu watakuwa wanavuna mpunga, kwa nini sikumuuliza kwanza. Halafu akauliza kama anaweza kumtuma mshenga kwenu Jumamosi.

Sasa Mama, hili hata Baba asilijue. Wahandisi hawatalipata kosa, maana halipo. Chombo kiliniuliza kama natuma kwa majaribio au kweli. Nikabonyeza kweli. Kikauliza tena, kwa adabu zake zile, kama nina hakika. Nilimtazama Machibya anakula mhogo wake, hana habari, nikaona nikimsubiri huyu aseme mwenyewe nitazeekea pale mezani. Ningemtumia peke yake angecheka tu, mambo yakaishia hapo. Nilitaka mashahidi. Yeye nimeshamweleza yote. Alicheka mpaka akapaliwa, na mshenga bado anamtuma.

Mshenga atavuka ziwa pale Kigongo asubuhi. Tangu daraja lifunguliwe hakuna kusingizia kivuko. Ukiwa bado na hasira mkatalie, ni haki yako, ila usimkatalie sana.

Najua kinachokuuma ni kwamba dunia nzima ilipata kadi isipokuwa wewe. Mama, namba yako niliitoa mimi mwenyewe kabla ya kubonyeza. Hao wengine wote wangeamini ni mashine. Wewe ungenijua.

Wasalimie wote hapo nyumbani, na nikipiga tena, tafadhali pokea.

Ni mimi binti yako akupendaye,
Dorotea