Pazia Nusu

Jumatatu, 3 Machi

Binti yangu kaja. Kaja na futi ya kupimia! Kapima kitanda, kapima kabati, kasema vyote vitaenea kwenye kile chumba cha nyuma nyumbani kwake. Choo humo humo ndani. Vishikio ukutani. Mlango hauna komeo. Nikauliza komeo limeenda wapi. Eti limetolewa kwa usalama wangu! Mimi, niliyekuwa nesi maisha yangu yote ya kazi, niliyewavua wanaume wazima suruali bila kumwaibisha hata mmoja — leo nisifunge mlango wa choo changu mwenyewe.

Nikamwambia sihami. Akasema, Baba, siku ukianguka bafuni nani atajua? Nikamvuta mpaka dirishani, nikamwonyesha ng'ambo ya uwanja, juu ya kamba za nguo. Dirisha la Mwalimu. Nikamweleza tena, maana jambo hili halimwingii. Mwalimu ni mjane, mimi mgane. Amestaafu, nimestaafu. Tuna makubaliano. Asubuhi anafungua pazia nusu, kipande cha kushoto: nimeamka, ni mzima. Mimi nafungua langu vile vile. Akifungua lote: njoo tunywe chai. Likibaki limefungwa mpaka jua limefika kwenye tangi la maji, mwenzake aende mbio akabishe hodi.

Binti kacheka. "Kwa hiyo Baba, maisha yako yananing'inia kwenye pazia?"

Nikasema ndiyo, na halijawahi kuniangusha.

Kanipa mpaka mwisho wa mwezi nifikirie. Kanipa! Utadhani yeye ndiye aliyenizaa.

Alhamisi, 6 Machi

Asubuhi pazia la Mwalimu lote wazi. Nikapiga shati pasi, nikabeba biskuti za tangawizi. Anazichovya kwenye chai mpaka zinakatikia humo, kisha anazivua na kijiko. Mwanamke aliyefundisha watoto wa watu adabu za mezani!

Nilikuwa nimepanga maneno tangu jana. Nikapiga moyo konde. Nikasema: wewe peke yako, mimi peke yangu, watoto wametukalia kooni. Tuhamie nyumba moja. Sufuria moja, dirisha moja, na huo mchezo wa mapazia tuuache.

Loo! Alicheka. Alicheka mpaka machozi, akayafuta kwa mkono wa gauni. Eti watu wazima sisi, watoto watasema nini. Majirani je? Na wanafunzi wake wa zamani si watapigiana simu mji mzima! Nikasema nimekuuliza wewe, sikuwauliza wanafunzi. Akacheka tena, kajishika ubavu.

Nikachukua kofia yangu. Chai nimeiacha kikombeni. Kwenye ngazi nilishuka polepole makusudi, aniite. Hakuniita.

Ijumaa, 7 Machi

Nusu. Kwa hiyo mzima. Shauri yake.

Jumapili, 9 Machi

Nusu. Na mimi nimefungua langu nusu, kwa hasira, mpaka pete moja imeng'oka. Siendi ng'o. Nitaenda siku atakayofungua lote. Aliyemcheka mwenzake ndiye wa kumwalika mwenzake.

Nimeshinda ndani nawaza. Kijana akikaa peke yake anasifiwa, anajitegemea huyo. Mzee akikaa peke yake ni tatizo, lazima kikao kikae. Wazee wawili wakitaka kukaa pamoja — basi, ni kichekesho. Sasa mtu akishazeeka akae vipi? Mbona kuzaliwa wanatupigia vigelegele, kuzikwa wanajaa uwanja mzima, ila hapa katikati ndipo kila mtu ana haraka?

Nimeongea maneno mengi. Ukweli ni kwamba kaniumiza. Kaniumiza sana. Nimekula mkate mkavu kwa sababu kupika kwa mtu mmoja leo kumenishinda.

Jumatano, 12 Machi

Nusu, lakini mapema mno. Hata jua halijatoka vizuri. Mwalimu si mtu wa kuamka alfajiri, husema amestaafu na kengele pia. Nikajisemea, hapati usingizi huyo. Dhamira inamsuta. Nikafurahi! Nikanywa chai kwa mbwembwe kabisa, nimesimama dirishani, anione nilivyonenepa bila yeye.

Hakutokeza. Naye anajua kununa.

Binti kapiga simu. Umefikiria, Baba? Sijafikiria. Na jirani yako hajambo? Hajambo, nikamwambia, pazia liko wazi kila siku, tena naliona kuliko wewe unayekuja mara moja kwa mwezi. Nikajuta kidogo. Ana kazi, ana watoto, ana baba kichwa ngumu.

Jumapili, 16 Machi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi — lote wazi! Lote, kushoto na kulia! Nikasema kwa sauti, humu ndani peke yangu: ahaa, umeshindwa. Shati la bluu. Pasi. Biskuti. Nikajitazama kwenye kioo nikajionya: usicheke haraka, nuna mpaka kikombe cha pili. Ngazi za kwao sikuzihisi hata kidogo.

Aliyenifungulia ni mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Kajifunga kitambaa kichwani. Pazia liko mikononi mwake, kalishusha. Anataka kulifua.

Nikampa biskuti. Sijui kwa nini. Nikauliza Mwalimu yuko wapi. Akasema, "Baba, karibu ukae kwanza." Sauti ile naijua. Nimewakalisha watu wengi kwa sauti ile.

Yuko hospitali. Tangu Alhamisi ile ile jioni. Maumivu ya ubavu yalimzidi, mwanawe akaja na gari. Ni saratani ya ini. Imeshasambaa. Yeye mwenyewe alijua tangu mwaka jana na hakumwambia mtu.

Nikauliza: na pazia?

Mkwe kainamisha kichwa. Mama ndiye aliyemwagiza. Wanamshusha ngazi, amekaa kwenye kiti, anatoka jasho la maumivu, bado anaagiza: kila asubuhi ukienda kazini upite, hata Jumapili, ufungue kipande cha kushoto. Nusu tu, usikosee. Jioni ufunge. Yule mzee wa ng'ambo akiona limefungwa atakuja mbio na magoti yake yale. Na binti yake akisikia hana tena mtu wa kumwangalia, atamhamisha. Mwache akae kwake.

Mkwe hakujua maana ya pazia kufunguliwa lote. Aliona limejaa vumbi, akaona leo ni siku ya mapumziko, alifue.

Nilikaa kwenye kiti changu kile kile. Kikombe nilichokiacha siku ile kilikuwa kimeoshwa, kimefunikwa juu ya meza.

Kumbe nilikuwa nainunia nyumba tupu. Yeye yuko kitandani na maumivu, mimi nasimama dirishani na chai, najinenepesha.

Jumatatu, 17 Machi

Leo pazia langu sijafungua. Jua limefika kwenye tangi, limelipita. Nimekaa kitandani nasubiri mtu abishe hodi.

Nani abishe?

Jumanne, 18 Machi

Nimekwenda. Hospitali ile ile niliyofanya kazi, wodi ya wanawake ya juu. Rangi mpya ukutani, vitanda vile vile. Nesi wa zamu hanijui. Kaniambia muda wa kuona wagonjwa bado, nikasema najua, nikapita.

Kapungua. Manjano mpaka kwenye macho. Niliwahi kuona wengi wa hivyo na nilidhani nimezoea. Nilishika chuma cha kitanda.

Akafumbua macho, akaniangalia, akauliza nani kasema. Nikamjibu mkwe wako kafua pazia. Akafumba macho tena. "Nilimwambia nusu. Watoto hawa hawasikii."

Kisha: "Ulinuna?"

"Nilinuna."

"Kwa siku zote hizo?"

"Zote. Tena kwa bidii."

Kacheka kidogo, kikohozi kikamkatiza. Nikamwinua, nikamweka mto mgongoni, mikono bado inakumbuka kazi. Nikamwambia, ungesema tu hapana, kwa nini unicheke? Akanishika kidole, kimoja tu. Akaniambia yeye hakusema hapana. Alicheka kwa sababu mbavu zilikuwa zinamkata, na angelia ningejua. Tena ningehamia kweli, na kuja kuwa nesi tena badala ya kuwa mume. "Nami nilikuwa nataka mume," akasema.

Hivyo ndivyo alivyosema. Naandika nisije nikadhani nimeota.

Nikamwambia mimi niko tayari sasa hivi, hata kitanda hiki hiki kinatutosha, tukijibana. Akasema wagonjwa wengine watasema nini! Tukacheka wote. Mama wa kitanda cha pili akatugeukia, naye akacheka bila kujua kitu.

Nilipoinuka kuondoka, nesi alikuwa amezungusha pazia la kitanda ili wamchome sindano. La kijani, baya kupita kiasi. Walipomaliza, Mwalimu akaniambia nilifungue nusu. "Kushoto," akasema, "usikosee." Nikalifungua, nikaondoka kinyumenyume mpaka mlangoni.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia binti yangu kila kitu. Nilingoja aseme unaona sasa, Baba. Hakusema. Kalia kwenye simu, kilio cha utotoni kabisa, kile cha kujikaza halafu kinatoka kwa kishindo. Baada ya muda akauliza: sasa Baba, nani atakuona asubuhi?

Nikatazama dirisha la ng'ambo.

Akasema atamwita fundi arudishe komeo la chumba kile. Kwa ndani. Nikasema asante. Nimesema asante, sijasema nahama! Lakini nimeangalia kabati langu na nimeona ni kweli, litaenea.

Mwalimu leo hakuongea sana. Maji amekunywa kwa pamba. Kanikazia macho tu. Nikamsimulia dirisha lake, mkwe kalirudishia pazia, safi, linanukia sabuni. Akafinya kidole changu.

Jumamosi, 22 Machi

Naandikia hapa hapa hospitali, kwenye benchi la ukumbini, mlango wa wodi uko wazi mbele yangu. Daftari huwa natembea nalo kwenye koti. Kalamu inakwaruza.

Nimefika na biskuti. Upuuzi, hali chochote. Nilitaka tu azinuse.

Pazia la kitanda chake limefungwa. Pande zote.

Sisi manesi tulikuwa tunalifunga kwa mambo matatu. Kumwosha mgonjwa. Daktari akimpima. Na lile jingine. Ndugu wakituuliza tulikuwa tunawaambia kaa kwanza, tunamhudumia. Na nimeambiwa hivyo hivyo sasa hivi, na nesi mmoja, binti mdogo mwenye sauti ya upole: kaa kwanza, Baba, tunamhudumia.

Natafuta beseni. Likiingia beseni la maji ya moto, ni kuoshwa tu, naweza kupumua. Sijaliona. Chini ya pazia naona viatu vya nesi, jozi mbili, na mguu wa meza. Daktari hayupo, viatu vya daktari navijua vinavyosimama, kama vinataka kuondoka.

Ee Mungu, wale wote niliowakalisha kwenye benchi hili! Mbona nilikuwa nawaambia wakae? Hakukaliki hapa.

Sitamwita binti yangu kwanza. Ngoja nijue.

Viatu vinasogea. Mama wa kitanda cha pili kaniangalia, kisha kageukia ukutani.

Mkono umeshika pazia kwa ndani. Nauona mkunjo wa vidole kwenye kitambaa, lakini ni vya nani, macho yangu hayafiki. Linavutwa. Kushoto. Limefika nusu, na limesimama.